UZI: Unasoma uchakataji wa picha au kompyuta visheni chuoni? Kabla ya modeli, jua picha yako imepigwaje

Fundi_Pikseli

Wakuu habari za muda huu.

Kila mwaka majina ya waliochaguliwa vyuo yakitoka napata meseji zile zile, kaka hii kompyuta visheni (kuifundisha kompyuta kuelewa picha) ikoje, inataka hesabu kiasi gani, nianzie wapi. Nikijibu mmoja mmoja naona wengi wanakosa, kwaiyo naweka uzi hapa. Mimi nilimaliza digrii ya kwanza ya sayansi ya kompyuta hapa hapa Tanzania, sahivi nipo masters na mada yangu ni picha za magonjwa ya mimea. Nitashusha kwa vipande maana ni ndefu, ulizeni katikati hamna shida.

KIPANDE CHA KWANZA, na ndicho wengi wanakiruka. Picha ni namba. Najua umeshaisikia wiki ya kwanza, lekchara kaionyesha kwenye projekta mkapita. Usipite. Chukua karatasi ya grafu, chora mraba wa 8 kwa 8, jaza namba kuanzia 0 mpaka 255, ambapo 0 ni nyeusi tii na 255 ni nyeupe pe, alafu paka penseli kufuata namba. Fanya kwa mkono wako. Ukimaliza hapo utaelewa kwanini "kuongeza mwanga" ni kujumlisha tu, na "kuongeza kontrasti" ni kuzidisha, na kwanini picha iliyoungua kwa jua huwezi kuirudisha: pikseli ikishagonga 255 kilichokua juu ya hapo hakikuandikwa popote, kimepotea.

Picha ya kwanza kabisa kuingizwa kwenye kompyuta kwa skana ilikua ya mtoto mchanga wa miezi mitatu, baba yake Russell Kirsch alikua anafanya kazi ofisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, mwaka 1957, na picha nzima ilikua pikseli 176 kwa 176. Simu ya kawaida leo inatoa 4000 kwa 3000, yaani pikseli milioni 12, zidisha mara tatu kwa ajili ya nyekundu, kijani na bluu unapata namba milioni 36 kwa picha moja ya jani. Shikeni hiyo namba nitairudia huko mbele.

Kuna mitego miwili ya mwanzo nawapa bure. Wa kwanza, pikseli ya kawaida ina biti 8, haizidi 255. Kwenye NumPy (maktaba ya Python ya hesabu za namba nyingi) ukiwa na pikseli mbili za aina hiyo, 250 na 10, ukajumlisha unapata 4. Ndio, nne, inazunguka inaanza upya kama mita ya gari. Ukitumia kitendo cha kujumlisha cha OpenCV (maktaba ya kuchakata picha) chenyewe unapata 255, inakomea pale juu. Kwaiyo ukiona picha yako ina madoa meusi ya ajabu sehemu zilizotakiwa kuwa nyeupe, tatizo sio kamera. Wa pili, OpenCV inasoma rangi kwa mpangilio wa bluu, kijani, nyekundu, wakati maktaba nyingi za kuonyesha picha zinataka nyekundu ianze. Matokeo yake sura ya mtu inatoka ya bluu na anga linatoka la chungwa. Mimi nililala saa tisa usiku kwa ajili ya hili, nikidhani faili limeharibika.

---

Nyuki_wa_Tabora

Mkuu asante kwa uzi. Nipo mwaka wa pili, laptopu yangu RAM 4 na haina GPU kabisa. Nitaweza hii kitu au nibadili mada mapema kabla sijakamata supu (mtihani wa marudio)?

---

Fundi_Pikseli

Unaweza mkuu, usibadili mada kwasababu ya laptopu. Filta, histogramu (chati ya kuonyesha pikseli ngapi zina mwanga kiasi gani), kizingiti (kugawa pikseli kuwa nyeusi au nyeupe kwa namba moja), kupima kamera kwa ubao wa draft, vyote hivyo RAM 4 inatosha kabisa ukipunguza picha ukubwa. Ukifika kwenye mitandao ya neva (modeli zinazojifunza zenyewe kwa mifano) ndio utahitaji GPU, ile chipu ya kufanya hesabu nyingi kwa mpigo, na hapo kuna tovuti za kuendeshea kodi, Kaggle na Google Colab, zote zina ya bure. Kaggle wanakupa kama masaa 30 kwa wiki. Colab inaweza kukukata katikati ya kazi, kwaiyo iambie kodi yako ihifadhi modeli kila raundi ikiisha, usisubiri mwisho.

Kwa uzoefu wangu kinachotuua sisi ni bando kuliko GPU. Watu wanashusha seti ya data ya GB 6 kwenye laptopu, alafu wanaipandisha tena Colab, bando la mwezi limeisha na hata mstari mmoja wa kodi hajaandika. Fungulia data huko huko Kaggle ilipo, wewe kwenye laptopu unaona matokeo tu. Na boom (mkopo wa chuo) likitoka nunua diski ya nje kwanza kabla ya kuota laptopu mpya, kuna jamaa yangu darasani alipoteza picha za miezi minne wiki mbili kabla ya kuwasilisha, inauma sana kuona.

KIPANDE CHA PILI, filta.

Hapa ndipo watu wanaanza kudesa bila kuelewa. Neno konvolusheni linatisha ila kazi yake ni ya sokoni: unachukua kidirisha cha 3 kwa 3, unakiweka juu ya picha, unazidisha kila namba na iliyo chini yake, unajumlisha zote tisa, unaandika jibu pale katikati, unasogea pikseli moja, unarudia. Basi. (Wa hesabu watasema kidirisha kigeuzwe kwanza, wako sahihi, ila mitandao ya neva haigeuzi na hakuna kinachoharibika.)

Chukua mfano wa Sobel, filta ya kutafuta kingo ya tangu 1968. Kidirisha chake ni -1 0 1, mstari wa pili -2 0 2, mstari wa tatu -1 0 1. Uweke mahali ambapo mistari yote mitatu ni 10 10 10, jibu 0. Uweke mahali ambapo mistari yote ni 10 10 200, yaani ukingo wa kitu cheusi na cheupe, unapata 190 ukijumlisha 380 ukijumlisha 190, jumla 760. Sehemu tulivu inanyamaza, ukingo unapiga kelele. Alafu angalia 760 ni kubwa kuliko 255, umeona sasa kwanini nilianza na ile habari ya biti 8? Ukihifadhi jibu kwenye biti 8 umeharibu ukingo wako wote.

Mfano mwingine ni kelele za chumvi na pilipili, zile dotidoti nyeupe na nyeusi. Chukua jirani tisa: 52, 50, 51, 255, 49, 50, 53, 48, 51. Hiyo 255 ni uchafu. Ukichukua wastani unapata 73, yaani uchafu mmoja umewavuta wote. Ukizipanga ukachukua ya katikati unapata 51, uchafu umetupwa nje kimya kimya. Hilo swali nimelikuta kwenye mtihani mara mbili kwa sura mbili tofauti, na waliokua wamekariri fomula bila kufanya kwa mkono walichanganyikiwa.

Kitu kimoja cha kuwatia moyo, John Canny ambae kila mtu anaitumia njia yake ya kutafuta kingo, iliyochapishwa 1986, ile ilianza kama kazi yake ya masters pale MIT. Mwanafunzi kama wewe na mimi.

---

Kizito_wa_Dom

Mkuu nakuheshimu ila hapa napingana na wewe. Hayo mambo ya Sobel na Canny ni ya wazee. Leo unachukua modeli iliyokwisha fundishwa, unaipa picha zako, inajifunza yenyewe, unapata asilimia 95 unaondoka. Kwanini nipoteze semista nzima kuzidisha vidirisha? Vyuo vyetu vinatuchelewesha, wenzetu wako mbali.

---

Fundi_Pikseli

Hoja yako ni ya haki na hata mimi niliwaza hivyo hivyo mwaka wa tatu. Nijibu kwa sehemu mbili.

Ya kwanza fupi. Mwaka 2012 mtandao wa neva unaoitwa AlexNet uliposhinda ImageNet, mashindano ya kutambua vitu kwenye picha, makosa yake yalikua asilimia 15.3 wakati aliyefuata alikua na 26.2, dunia ikageuka siku hiyo. Sasa fungua tabaka la kwanza la AlexNet uangalie ilichojifunza. Ni kingo. Kingo za wima, za mlalo, za mshazari, na mabaka ya rangi. Hakuna mtu aliyeiambia kitu kuhusu Sobel, imefika pale yenyewe. Kwaiyo unaposoma Sobel unasoma alfabeti ya lugha ambayo modeli yako inaongea ndani.

Ya pili ndiyo sababu ya mimi kuandika uzi huu wote, naiweka kama kipande chake.

KIPANDE CHA TATU, jani la mhogo.

Projekti yangu ya mwaka wa mwisho ilikua kutambua magonjwa ya mihogo kwa picha. Kwetu ni Mkuranga, mama analima mihogo, batobato naijua tangu mdogo, na michirizi ya kahawia ndiyo mbaya zaidi maana juu mti unaweza kuonekana mzima alafu unachimba unakuta kiazi kimeoza kwa ndani. Nikachukua seti ya data ya wenzetu wa Makerere na watafiti wa mazao wa Uganda, iliwekwa Kaggle 2020, picha zaidi ya 21,000, makundi matano: magonjwa manne na mmea mzima. Nikachukua modeli iliyokwisha fundishwa, kama anavyosema Kizito, nikafika asilimia 80 na kitu. Supavaiza kafurahi, mimi nimefurahi.

Likizo nikaenda nyumbani, nikamwambia mama twende shamba nikuonyeshe. Picha ya kwanza, batobato, sawa. Ya pili batobato. Ya tatu batobato, na lile jani lilikua zima kabisa, mama mwenyewe ananiambia hili halina kitu. Tulipiga kama arobaini na zaidi ya nusu jibu lilikua batobato. Mama hakusema neno, alinishika bega tu tukarudi.

Usiku ule nilikaa na data badala ya modeli, kwa mara ya kwanza. Nikakuta vitu vitatu.

Kwanza, kwenye ile seti ya data picha za batobato peke yake ni zaidi ya asilimia 60. Yaani ukiandika programu ya mstari mmoja inayosema "batobato" kwa kila picha bila hata kuiangalia, unapata zaidi ya 60. Sio kosa la waliokusanya, shambani ndivyo ulivyo huo ugonjwa, umeenea. Kosa ni langu la kuripoti usahihi wa jumla bila kuonyesha jedwali la kila kundi peke yake. Nilipolichora lile jedwali, mimea mizima na ugonjwa wa majani unaoletwa na bakteria ndivyo vilikua vinaumia.

Pili, ukubwa. Modeli yangu ilikua inapokea picha ya 224 kwa 224. Kumbukeni simu inatoa upana wa 4000. 4000 gawanya kwa 224 ni karibu 18. Maana yake kwa upana pikseli 18 zinabanwa kuwa moja. Sasa utitiri wa kijani wa mihogo unaacha vidoti vidogo sana vya njano kwenye jani, kidoti chenye upana wa pikseli 15 kwenye simu kikipunguzwa kinakua chini ya pikseli moja. Nilikua naifuta dalili ya ugonjwa kabla modeli haijaiona, alafu naiuliza modeli ugonjwa uko wapi! Hakuna modeli duniani itakayojibu hilo. Na hili huwezi kuligundua kama kupunguza picha kwako ni mstari wa kodi uliokopi kwa mtu.

Tatu, mwanga. Mimi nilipiga saa saba mchana, jua la utosini, majani yanang'aa meupe kwenye mgongo, na kivuli cha mkono wangu kipo nusu ya picha. Nilichora histogramu ya picha zangu nikaweka juu ya histogramu ya data ya Kaggle, zilikua kama watu wawili wasiofahamiana.

Na sio mimi peke yangu. Kuna utafiti maarufu wa 2016, walitumia picha 54,306 za PlantVillage (mkusanyiko wa wazi wa picha za majani), mazao 14, magonjwa 26, jani limechumwa limewekwa kwenye karatasi ya rangi moja, wakapata asilimia 99.35. Wakajaribu modeli ile ile kwa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, ikashuka mpaka asilimia 31 na kidogo. Waliandika wenyewe kwenye ripoti yao, na nawaheshimu sana kwa hilo. Mwaka 2017 wengine wakachapisha kazi ya mihogo kwa picha 2,756 zilizopigwa shambani hapa hapa Tanzania, na 2019 walipoiweka modeli kwenye simu wakaeleza wazi kwamba uwezo ulishuka, hasa dalili zikiwa bado hafifu. Juhudi hizo ndizo zilizoingia kwenye ile programu ya Nuru, inayoongea Kiswahili na kufanya kazi bila intaneti. Kwaiyo Kizito ndugu yangu, asilimia 95 unaweza kuipata, swali ni ya picha zipi.

---

maabara_usiku

Nimesoma mpaka hapa nikaona nichangie. Mimi sio mtu wa kompyuta, ni fundi sanifu maabara, nasoma slaidi za malaria kwa darubini. Kuna kazi ya Makerere ya kufunga simu kwenye darubini ikahesabu vimelea, tuliisoma kwenye semina. Ninachowaambia vijana wa kompyuta ni kwamba rangi ya Giemsa, ile tunayopaka slaidi ili vimelea vionekane, inabadilika. Maji yakiwa na tindikali kidogo slaidi inatoka nyekundu-nyekundu, rangi ikiwa ya siku nyingi inaacha vipunje ambavyo hata binadamu mgeni anadhani ni vimelea. Sasa nyie mkija kuchukua slaidi zetu siku moja, kutoka maabara moja, zimepakwa na mtu mmoja, mnaifundisha mashine mkono wa huyo mtu. Njooni siku tofauti, njooni zamu ya usiku pia, mkae na sisi.

---

Fundi_Pikseli

Mtaalam hapo umemaliza. Na hili lina jina kwenye kazi zetu, ni kuvuja kwa data. Ukipiga picha kumi za mti mmoja wa mhogo alafu ukachanganya picha zote na kugawa kwa bahati nasibu, picha sita zitaangukia kujifunza na nne kwenye mtihani, modeli inaufahamu ule mti tayari, ule mtihani ni desa tupu. Gawa kwa SHAMBA au kwa mgonjwa, sio kwa picha. Shamba zima liwe upande mmoja. Nilipogawa hivyo namba zangu zilishuka sana na nilimpelekea supavaiza hivyo hivyo, akaniambia sasa ndio umeanza projekti.

---

Twiga_wa_Seronera

Nyongeza kutoka huku Kaskazini. Serengeti kuna mradi wa kamera za kunasa wanyama, kamera 225 zimefungwa kwenye eneo la kilomita za mraba 1,125, zimepiga mamilioni ya picha tangu 2010. Robo tatu ya picha hazina mnyama, ni nyasi zimepepea kamera ikajipiga. Watu wa kujitolea kwenye intaneti walikua wanaangalia moja moja na kuandika huyu nyumbu, huyu punda milia. Mwaka 2018 wakatumia picha milioni 3.2 kufundisha mashine, ikatambua aina 48 za wanyama kwa usahihi wa asilimia 93.8, wakakadiria imeokoa zaidi ya masaa 17,000 ya kazi ya watu.

Ila tatizo ni lile lile la mleta uzi, kamera haisogei. Mandhari ya nyuma ni mti ule ule na jiwe lile lile kila siku, mashine inaweza kujifunza "jiwe hili = swala". Ukihamishia kamera sehemu mpya inapotea. Kuna utafiti wa mwaka huo huo walionyesha hata ng'ombe akiwa ufukweni mashine haimtambui, kwasababu ilizoea kumwona kwenye majani.

---

Pemba_Peponi

Assalaam alaykum. Sie huku Zanzibar 2016 ulianza mradi wa kupiga ramani ya Unguja na Pemba kwa droni, na wanafunzi wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) walikuwemo kwenye kazi. Baadae 2018 yakafanyika mashindano ya kuifundisha mashine kutambua nyumba kwa picha zile, na makundi yalikuwa matatu: nyumba iliyokamilika, ambayo haijakamilika, na msingi. Mtu wa Ulaya hili la msingi halimjii kichwani, lakini huku kwetu mtu anajenga miaka kumi, msingi unaota majani, mbuzi wamelala ndani, na bado ni nyumba ya mtu. Nnachotaka kusema ni kuwa kuchagua makundi ndio kazi yenyewe, na hapo mwenye kuijua nchi yake ana faida kubwa. Na paa la makuti likizungukwa na minazi, wallahi hata jicho la mtu linataka kutulia kwanza.

---

Fundi_Pikseli

Wa alaykum salaam. Hiyo ya msingi nimeipenda mno, naomba nitumie mfano huo darasani.

---

Mwanafunzi_Juja

Hapa Kenya pia tunafuatilia. Swali langu ni la hesabu, nimeona watu wakiogopa hii kozi juu ya Fourier. Nijue nini haswa ndio nisikwame?

---

Fundi_Pikseli

Matriksi ndizo za kwanza kabisa, kuzidisha, kugeuza, na kujua matriksi "inafanya nini" kwa pointi, maana kuzungusha na kuvuta picha ni hiyo hiyo. Uwezekano na takwimu pili. Kalkulasi kiasi cha kuelewa mteremko, kwasababu Sobel ni mteremko na modeli inajifunza kwa kushuka mteremko. Fourier usiogope, ichukulie kama redio: picha ina mawimbi ya polepole, yaani maeneo makubwa tulivu kama anga, na ya haraka haraka, yaani kingo, nywele, nyuzi za kanga. Kuififisha picha ni kuzima stesheni za haraka. Piga picha kanga yenye mistari myembamba ukiwa mbali, utaona mistari ya uongo ya mawimbi inatokea, hiyo ni kwasababu mistari ni mingi kuliko pikseli za kuibeba. Ukiielewa kanga umeelewa nusu ya mada hiyo ya UE (mtihani wa mwisho).

---

Mama_Songea

Habari zenu wanangu. Mimi ni mzazi, binti yangu kachaguliwa masomo ya kompyuta na anasema anataka kubobea kwenye haya mambo ya picha. Sielewi vyote mlivyoandika ila nimesoma vyote. Naomba kuuliza, kazi zipo? Tumeuza mazao kumpeleka.

---

Fundi_Pikseli

Shikamoo mama. Asante kwa kusoma.

Nitakwambia nilichokiona kwa wenzangu. Tangazo la kazi linaloandikwa "mtaalam wa kompyuta visheni" hapa kwetu sijaliona mara nyingi. Tuliosoma pamoja wengi wameajiriwa kama waandika programu wa kawaida, wawili wapo kwenye kampuni za ramani na droni, mmoja yupo kwenye mradi wa afya, na mimi nipo utafiti. Kwaiyo binti asome programu kwa ujumla vizuri kabisa, hiyo ndiyo chakula, na picha iwe ndiyo anachokijua kuliko wengine. Na mwambie projekti yake achague kitu cha Songea, mahindi, kahawa, chochote ambacho wewe unaweza kumrekebisha akikosea. Pale chuo cha Nelson Mandela Arusha kuna kazi ya kutambua magonjwa ya kuku kwa picha za kinyesi, mdondo, kuhara damu, salmonela, picha zilikusanywa kwa wafugaji wa Arusha na Kilimanjaro na zimewekwa wazi kwa kila mtu. Vitu kama hivyo ndivyo vinamfanya mtu aonekane. Mama wewe ni mtaalam wake wa kwanza, usijione uko nje.

---

Mama_Songea

Marahaba mwanangu. Nitamsomea hii leo jioni.

---

Asha_Kodi

Mimi naongeza la sura za watu maana mleta uzi kaongelea mimea tu. Darasani kwetu karibu nusu walichagua projekti za kutambua sura, mahudhurio ya darasa na kadhalika. Someni kazi ya Joy Buolamwini na Timnit Gebru ya 2018. Walipima mifumo mitatu ya makampuni ya kutambua jinsia kwa sura, kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yakafika mpaka asilimia 34.7. Hao ni mimi na dada zangu na mama zetu. Mkichukua modeli ya nje mkaiweka mlangoni mwa darasa, pimeni kwanza inawakosea akina nani, na mpime kwa taa ya darasa lenu sio kwa picha za intaneti. Na ombeni ruhusa ya maandishi, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, sura ya mtu ni mali yake.

---

Kizito_wa_Dom

Nimerudi. Jana usiku nimegawa upya data yangu ya majani ya zabibu kwa shamba badala ya picha. Ilikua 96, imekua 71. Sijalala vizuri ila nakubali, ulikua sahihi. Swali, hiyo 71 naipandisha vipi kabla ya mwezi wa sita?

---

Fundi_Pikseli

Pole na hongera kaka, hiyo 71 ni yako kweli. Usiguse modeli wiki hii. Fungua picha zote ambazo imekosea, zipange mezani kama karata, ziangalie mpaka uone zinafanana nini. Mwanga? Umbali? Vumbi? Jani la zabibu huko Dodoma kiangazi linabeba vumbi jekundu, na vumbi kwa kamera linafanana sana na kutu ya jani. Ukishajua, rudi shambani ukapige hizo hizo zinazokosewa, shamba ambalo hujawahi kuingia, saa mbili asubuhi na saa kumi jioni, mkono wako usiweke kivuli.

---

Nyuki_wa_Tabora

Wakuu nimefanya zoezi la karatasi, alafu nikapiga jani moja la mwembe mara mbili kwa simu, saa mbili asubuhi na saa saba mchana, bila kulichuma. Wastani wa chaneli ya kijani asubuhi 104, mchana 171. Jani ni lile lile! Na mchana histogramu ina mnara umesimama pale pale 255.

---

Fundi_Pikseli

Huo mnara ndio jani lililoungua. Weka histogramu zote mbili hapa tuzione, na useme simu ni aina gani na kama HDR (simu kuchanganya picha kadhaa kusawazisha mwanga) ilikua imewashwa.